Spana ya betri ifungue nati, kipimo kikaze

Asubuhi moja ya Agosti nilipanda lori lililobeba madumu ya mawese kutoka Kigoma kwenda Kasulu. Tulipovuka Kidahwe, utingo aliyekaa juu ya mzigo aligonga bodi akitaka dereva asimame. Nyuma upande wa kushoto kulikuwa na mlio kama wa mtu anayegonga sufuria. Tuliposhuka tulikuta kati ya stadi nane za gurudumu hilo, tatu zimekatika na nati zilizobaki zinacheza. Laiti tungekwenda kilomita chache zaidi, leo nisingekuwa naandika makala haya.

Hakuna aliyeumia. Lakini mama aliyekuwa na shehena ile alilala njiani usiku mmoja akisubiri stadi nyingine ziletwe kutoka mjini. Alipofika Kasulu mnunuzi wake alikwisha chukua mawese ya mtu mwingine. Aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake papo hapo: "Mwanangu, mafuta yangu yamekosa nini hapa?"

Mafuta hayakukosa kitu. Kilichokosewa ni kazi ya jioni iliyotangulia, pale kijana mmoja alipoziba pancha ya tairi la ndani na kufunga magurudumu yote mawili kwa mashine ya betri ya kufungulia nati. Karakana yenyewe sitaitaja, maana kosa lile linaweza kutokea katika karakana yoyote. Ila ni vizuri wakulima na wafanyabiashara wadogo walifahamu, kwa sababu mwisho wa yote hasara huwafikia wao.

Mashine ninayoizungumzia hujulikana kama impakti renchi. Hapa nitaiita spana ya betri ili tuelewane. Zamani kazi hiyo ilifanywa na wili spana, bomba la chuma na miguu ya watu wawili, au kwa karakana zenye uwezo, mashine inayoendeshwa na upepo wa kompresa. Siku hizi fundi anaweza kuwa na mashine isiyo na waya, isiyohitaji kompresa, ambayo ataipakia kwenye baiskeli na kumfuata mteja Mwandiga au Ujiji. Kwa mkoa ambao kwa miaka mingi ulitegemea majenereta ya dizeli, kabla sehemu zake hazijaanza kuunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022, chombo kinachotunza umeme wake chenyewe ni msaada mkubwa.

Nianze kwa kusema wazi kwamba siipingi mashine hii. Mimi ni mchumi wa kilimo na kazi yangu ni kuhesabu. Tuchukue mfano wa fundi anayenunua mashine yenye betri mbili kwa shilingi 400,000, boksi spana zake kwa shilingi 60,000 na toki renchi ya kupimia ukazaji kwa shilingi 150,000. Jumla ni shilingi 610,000. Bei hizi ni za mfano tu, msomaji aweke za dukani kwake. Kama fundi huyo anahudumia malori manne kwa siku na kila lori linamwokolea robo saa, ameokoa saa moja. Tukiithaminisha saa hiyo kwa shilingi 3,000, kwa siku 25 za kazi anapata shilingi 75,000 kwa mwezi. Baada ya miezi minane na siku chache, mtaji wake umerudi.

Umeme nao si mzigo. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 4 inabeba wati-saa 72. Ukiongeza kinachopotea kwenye chaja, kujaza betri hiyo hakufikishi hata sehemu moja ya kumi ya uniti. Hata kwa bei ya shilingi 400 kwa uniti, ni chini ya shilingi 40. Kompresa ya petroli haiwezi kushindana na hesabu hiyo.

Sasa tuangalie upande wa pili wa daftari. Stadi moja ikikatika kwa kukazwa kupita kiasi, tuseme stadi na nati yake ni shilingi 15,000 na kazi ya kuibadilisha inakula saa tatu, yaani shilingi 9,000 nyingine. Jumla shilingi 24,000. Hiyo ni faida ya siku nane za mashine imeondoka kwa kubonyeza kitufe sekunde chache mno. Na hapo hatujahesabu mawese ya yule mama.

Ili kuelewa kwa nini hutokea hivyo, inafaa kujua mashine inavyofanya kazi. Ndani yake kuna nyundo ndogo inayozungushwa na mota, ikisukumwa na springi. Nati ikiwa nyepesi, mashine inazunguka tu kama bisibisi ya umeme. Nati ikikataa, nyundo inateleza, inapata mwendo, kisha inagonga kipande cha chuma kinachoshika boksi. Mashine nyingi hugonga zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Kila pigo linasogeza nati kidogo. Ndiyo maana fundi anashika kwa mkono mmoja nguvu ambayo kwa spana ya kawaida ingemtupa chini.

Faida hiyo ndiyo hatari yake. Kwa kuwa mkono hausikii uzito wa nati, haujui imekaza kiasi gani. Ukiendelea kubonyeza, mapigo yanaendelea kuivuta stadi hadi inapoteza uimara wake. Kinyume chake, betri ikielekea kwisha, au ukitumia kipande kirefu cha kuunganishia boksi, nguvu inayofika kwenye nati inapungua huku kelele ikibaki karibu ileile. Ndivyo ilivyokuwa kwenye lori letu. Nati za ndani zilifungwa betri ikiwa imechoka, zikabaki legevu. Betri ya pili ikawekwa, nati za nje zikakazwa mpaka basi. Kwa nje kila kitu kilionekana kimefungwa barabara, kumbe tairi la ndani linacheza na kuzikata stadi taratibu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza, na kama utasahau nyingine zote usisahau hii: spana ya betri ni ya kufungua na ya kusogeza nati hadi zikae. Ukazaji wa mwisho ufanywe kwa toki renchi.

Viwango vya ukazaji havifanani. Magari mengi madogo ya Toyota hukazwa nyutoni-mita 103. Malori makubwa yenye stadi kumi za milimita 22 mara nyingi huhitaji 600 au zaidi. Kiwango sahihi kiko kwenye kitabu cha gari, na kitabu ndicho cha kufuatwa. Asiye na toki renchi anaweza angalau kupata makisio kwa uzito. Nyutoni-mita 103 ni sawa na kuning'iniza karibu kilo 21 kwenye ncha ya spana yenye urefu wa nusu mita iliyolala sawa na ardhi. Nyutoni-mita 600 ni sawa na mtu wa kilo 61 kusimama kwenye ncha ya bomba la mita moja. Sasa mfikirie utingo wa kilo 80 anayeruka-ruka juu ya bomba la mita moja na nusu kwenye gari dogo. Bila mashine yoyote, naye anavunja stadi. Makisio haya ni ya dharura, hayachukui nafasi ya kipimo.

Utaratibu wenyewe hauna ugumu. Safisha nyuzi za stadi na sehemu rimu inapokaa, maana kutu, matope na rangi nene huja kusagika njiani na kuacha nati ikilegea. Usipake mafuta wala grisi kwenye nyuzi kama kitabu cha gari hakisemi hivyo, kwa sababu nyuzi zenye mafuta huvutwa zaidi kwa nguvu ileile na stadi huzidiwa. Anza kila nati kwa vidole, angalau mizunguko kadhaa. Nati iliyoanza upande ikikutana na mashine huharibu nyuzi kabla hujatahamaki. Kisha sogeza kwa mashine, kwa mibonyezo mifupi, ukiruka kutoka nati moja hadi ile inayoitazama upande wa pili. Teremsha gari hadi tairi liguse ardhi, umalizie kwa toki renchi kwa mpangilio uleule.

Wenye malori ya Kijapani ya mfumo wa zamani wana mambo mawili ya kuzingatia zaidi. La kwanza, stadi za upande wa kushoto mara nyingi huwa na nyuzi za kinyume, nazo hugongwa herufi L, wakati za kulia hugongwa R. Nati yenye L inafunguka kwa kuzungusha kulia. Fundi mgeni akiiweka mashine kama alivyozoea, anadhani nati imeganda, anaongeza nguvu, kumbe anazidi kuifunga hadi stadi inakatika. La pili, magurudumu pacha ya nyuma yana nati za ndani na za nje. Za ndani zinakazwa kwanza kwa kipimo, ndipo tairi la nje linapowekwa. Ukitaka kuhakiki za ndani baadaye, lazima ulegeze ya nje kwanza, ukaze ya ndani, kisha urudishe ya nje, moja baada ya nyingine. Kukaza ya nje peke yake hakusaidii lolote kwa iliyolegea ndani.

Baada ya kufunga, safari haijawa salama bado. Rimu hukaa vizuri zaidi baada ya kutembea. Nati zihakikiwe tena kati ya kilomita 50 na 100. Kwa anayetoka Kigoma mjini ni kusimama kabla ya kuingia Kasulu, dakika kumi tu, wakati watu wananunua mahindi ya kuchoma.

Sasa niseme juu ya mwili wa fundi, maana stadi hununuliwa lakini jicho haliuzwi dukani. Boksi spana za kung'aa, zile za kazi ya mkono, zimetengenezwa kwa chuma kigumu kisichopenda kugongwa. Zikitumika kwenye mashine hii zinaweza kupasuka na kurusha vipande. Zinazofaa ni zile nyeusi zenye kuta nene, zilizotengenezwa kwa ajili ya mapigo. Miwani ya kazi ivaliwe hata kwa nati moja, kwa sababu kutu na mchanga huruka moja kwa moja usoni mwa aliyechuchumaa. Toa betri kabla ya kubadilisha boksi. Shati lenye mikono mipana, glavu zilizopwaya na kamba za shingoni vikae mbali na kitu kinachozunguka.

Masikio nayo yana bajeti yake. Wataalamu wa afya kazini husema sauti ya desibeli 85 inavumilika kwa saa 8 kwa siku, na kila inapoongezeka kwa desibeli 3 muda huo unagawanywa kwa mbili. Kwa desibeli 100, kiwango ambacho mashine hizi hukifikia kwa urahisi zikigonga, muda unaobaki ni dakika 15. Anayefungua malori kutwa nzima anazimaliza kabla ya chai ya saa nne. Viziba masikio vya sponji ni vya bei ndogo. Hasara ya masikio haionekani leo, lakini fundi wa miaka 40 asiyesikia mteja anachosema amekwisha ilipa.

Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye tairi lenyewe. Rimu za malori zenye loki ringi, na magurudumu pacha yenye rimu iliyopasuka au tairi lililotembea bila upepo wa kutosha, vimeua watu sehemu nyingi duniani. Nati ikilegezwa, upepo ulioko ndani unaweza kurusha ringi kama panga. Kwa hiyo, toa upepo wote kwanza kwa kung'oa moyo wa valvu, kwenye matairi yote mawili ya upande huo, ndipo uguse nati. Wakati wa wili spana mtu alikuwa na dakika kadhaa za kuona dalili mbaya akiwa bado anahangaika. Spana ya betri imeziondoa dakika hizo. Gari nalo lisiachwe juu ya jeki peke yake. Liwekewe stendi imara, na matairi yaliyobaki yazuiwe kwa magogo, kwa sababu mtikisiko wa mapigo unaweza kusogeza gari lililoinuliwa vibaya.

Kuna pia mahali ambapo mashine hii haifai kabisa. Ndugu zetu wa Kibirizi na Katonga wenye injini za boti wafahamu kwamba boliti zinazoingia kwenye aluminiamu zikifungwa kwa mapigo huharibu nyuzi za bloku yenyewe, na bloku si nati ya kubadilisha. Vivyo hivyo kwa boliti za silinda hedi za injini za kukamulia mawese na za kusagia unga: zifungwe kwa mkono na kipimo, kwa mpangilio wa mtengenezaji. Mota zenye kaboni hutoa cheche, hivyo mashine isitumike karibu na dumu la petroli lililo wazi au ndani ya boti yenye harufu ya mafuta.

Kwa anayekwenda dukani, wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Baadhi ya mashine sokoni zimeandikwa 48, 88 hata 98 kama kwamba ni volti. Ukweli ni huu: seli moja ya betri za lithiamu za aina hii ina volti 3.6 za kawaida, na 4.2 ikiwa imejaa kabisa. Seli tano zikiunganishwa kwa mfululizo zinatoa volti 18 za kawaida, au 21 zikiwa zimejaa. Kwa hiyo 18, 20 na 21 mara nyingi ni mashine ya daraja lilelile, imeandikwa tofauti. Mwombe muuzaji apime betri mbele yako kwa mita ya umeme. Ikisoma 20 au 21 huku imeandikwa 88, umekwisha jua unazungumza na mtu wa namna gani. Uliza zaidi kuhusu upatikanaji wa betri ya akiba, kwa sababu mashine isiyo na betri ya kubadilisha ni chuma chakavu chenye rangi nzuri.

Betri itunzwe kama mbegu. Isiachwe juani kwenye dashibodi, wala isichajiwe ikiwa bado ya moto. Watengenezaji wengi hawaruhusu kuchaji panapozidi nyuzi joto 40 hadi 45. Iliyovimba, iliyoanguka majini au iliyofunguliwa na kubandikwa seli za kuokoteza isichajiwe tena, hasa ndani ya nyumba ya kulala au ghala lenye mawese. Moto wake hauzimwi kwa kufunikwa kanga.

Najua atakuwepo fundi atakayesema toki renchi ni anasa ya wenye karakana kubwa. Mzee mmoja wa Mwanga, aliyefungua matairi kwa miaka mingi, aliniambia, "Kijana, mkono wangu ndio kipimo." Namheshimu, na kwa wili spana alikuwa na haki, maana mkono ule ulisikia. Lakini kwa mashine hii mkono hausikii. Na shilingi 150,000 zikigawanywa kwa mafundi watano wanaopanga mtaa mmoja ni shilingi 30,000 kila mmoja. Vijana na akina mama waliojiunga vikundi wana nafasi ya kuomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Ombi la karakana liandikwe likiwa na toki renchi, boksi nyeusi, stendi na miwani, siyo mashine peke yake. VETA na SIDO walioko hapahapa Kigoma watafanya jambo jema wakiandaa mafunzo mafupi ya siku moja au mbili kwa mafundi wa mitaani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003 haijaandikwa kwa ajili ya viwanda vikubwa pekee.

Lakini nguvu kubwa zaidi iko kwa mwenye mzigo. Mkulima wa maharage wa Kasulu, mwenye kahawa wa Manyovu na mwenye dagaa wa Kibirizi ndio wanaolipa lori. Kabla ya kupakia wamuulize dereva maswali matatu. Tairi la mwisho lilifungwa lini? Lilikazwa kwa kipimo au kwa kelele? Tutasimama wapi kuhakiki nati? Asiyeweza kujibu apewe nusu saa ya kwenda kujibu karakana. Na fundi anayemaliza kwa kipimo alipwe kwa dakika zake kumi za ziada bila manung'uniko, kwa maana hizo ndizo bima ya shehena nzima.

Yule mama hatimaye aliuza mawese yake kwa bei ya kutupa, akarudi Kigoma kwa gari la abiria. Tangu siku ile, ameniambia, hapakii dumu hata moja kabla hajazunguka lori na kugonga kila nati kwa kijichuma alichokibeba kwenye mkoba. Madereva wanamcheka. Nati iliyolegea hulia tofauti, na mara moja tayari imelia. Dereva wa siku hiyo hakucheka.